Watu Wasiojulikana na Imani za Kishirikina: Uhakiki wa Lugha ya Mauaji ya Watuhumiwa wa Uchawi katika Usukuma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika katika Kiswahili kusimulia mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi, pamoja na mauaji ya watu wenye ualbino, katika Usukuma na ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Geita. Hoja kuu ni kwamba lugha hiyo humtaja mtuhumiwa kwa nomino bayana, humficha muuaji kwa kirai cha kawaida, kisha huikabidhi imani nafasi ya mtenda. Kwa kuisoma sentensi ya habari sehemu kwa sehemu, na kuilinganisha na matokeo ya tafiti za kihistoria na kiuchumi, makala yanaonesha kwamba kirai "imani za kishirikina" hakiyaelezi mauaji hayo. Ulinganisho na misako ya wachawi ya Ulaya na Salem unabainisha gharama ya kutowataja watenda. Mwishowe, makala yanajadili jinsi fasihi inavyoweza kurejesha kile ambacho sentensi ya habari hukiacha.

1.0 Utangulizi

Ngokolo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Shinyanga. Upande wa mashariki wa mji kuna Kishapu na Meatu, nchi ya pamba na mifugo. Upande wa magharibi kuna njia ya kuelekea Kahama na machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu na Geita. Katika mji wa namna hii, Kisukuma na Kiswahili huishi nyumba moja. Msemaji huweza kumtaja *nogi* (wingi: *balogi*) na *nfumu* (wingi: *bafumu*) kwa Kisukuma, kisha akasema *mchawi* na *mganga* kwa Kiswahili, bila kuhisi kwamba amevuka mpaka wowote. Kitenzi cha Kiswahili *-loga* au *-roga* kina asili moja na *nogi* wa Kisukuma, kwani vyote vimetokana na mzizi wa Kibantu wa kale wenye maana hiyohiyo. Kwa hiyo, dhana ya mchawi ni ya zamani katika lugha zetu kuliko dini za kuja, dola na gazeti.

Kilicho kipya ni namna ya kuisimulia. Tangu miaka ya 1970, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yamekuwa habari ya kudumu kutoka Shinyanga, Mwanza na baadaye Geita. Simeon Mesaki, ambaye utafiti wake kuhusu suala hili ulichapishwa mwaka 1994, alionesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kutokana na tuhuma hizo, na zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalitokea Usukuma. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Idadi kubwa kiasi hicho huzaa lugha yake. Tukio likijirudia mara mia, mwandishi hahitaji tena kuitafuta sentensi, maana sentensi humsubiri.

Makala haya yanaichunguza sentensi hiyo. Swali la msingi ni hili: je, Kiswahili tunachokitumia kusimulia mauaji haya hutusaidia kuyaelewa, au hutusaidia kuyazoea?

2.0 Sentensi na Sehemu Zake

Kwa ajili ya uchambuzi, tumeunda sentensi ifuatayo. Haikunukuliwa kutoka gazeti lolote, lakini msomaji wa magazeti ya Kiswahili ataitambua mara moja:

(1) *Kikongwe mwenye umri wa miaka 70 ameuawa kwa kukatwa mapanga na watu wasiojulikana, na tukio hilo linahusishwa na imani za kishirikina.*

Sentensi hii ni sahihi kisarufi na, kwa viwango vya uandishi wa habari, ni ya tahadhari. Uhakiki wetu hauhusu usahihi wake. Unahusu mgawanyo wa taarifa ndani yake, yaani nani anatajwa kwa ubayana gani, na nani anaachwa gizani.

2.1 Kikongwe

Nomino *kikongwe* imo katika ngeli ya KI-VI, pamoja na *kipofu*, *kiziwi* na *kilema*. Baadhi ya wahakiki huona kwamba ngeli hiyo peke yake inatosha kuwa dharau. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani *kijana* na *kiongozi* nao wamo humohumo, na wote huchukua upatanisho wa viumbe hai. Tatizo la *kikongwe* liko mahali pengine: neno hili halioneshi jinsia. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi, na hiyo kwa kawaida ni neema. Katika muktadha huu, hata hivyo, neema hiyo inaficha jambo kubwa kuliko yote, kwamba anayeuawa kwa kawaida ni mwanamke. Tukisoma habari ishirini za vikongwe waliouawa, tunaona umri. Tukisoma habari ishirini za *bibi*, *mama mjane* au *mwanamke mzee*, tunaanza kuuona mpangilio na kuuliza maswali kuhusu ndoa, ujane, mashamba na mifugo.

2.2 Ameuawa na watu wasiojulikana

Kauli ya kutendwa humweka mtendwa mbele na kumsogeza mtenda nyuma. Katika sentensi (1) mtenda hakufutwa. Yumo katika kirai kinachoanza na *na*. Lakini kirai hicho kimejazwa kwa namna inayokifanya kiwe kitupu. *Watu wasiojulikana* ni mtenda mwenye umbo la nomino na asiye na sura. Kishazi rejeshi *wasiojulikana* nacho kimo katika kauli ya kutendeka, bila mtenda. Hawajulikani na nani? Na polisi? Na mwandishi? Na jirani aliyesikia yowe usiku? Sarufi hailazimishi jibu.

Wapo watakaotetea kirai hiki kwa sababu za haki. Mwandishi hawezi kumtaja mshukiwa kabla ya mahakama kumtia hatiani. Siku ya kwanza, mara nyingi muuaji hajulikani kweli. Na jamaa wa marehemu wana haki ya kuogopa. Utetezi huo ni wa kweli, na kwa habari ya siku ya kwanza unatosha. Kasoro ni kwamba sentensi ya pili, ya mwezi wa pili au mwaka wa pili, huandikwa kwa nadra sana. Kirai kilichokusudiwa kuwa cha muda huwa jina la kudumu la mtenda.

Utafiti unatoa picha tofauti kabisa. Mwaka 2005 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya katika vijiji 67 vya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Alibaini kwamba waliouawa kama wachawi walikuwa kwa kawaida wanawake wazee, na kwamba waliowaua walikuwa kwa kawaida jamaa zao. *Watu wasiojulikana* wa gazeti ndio watu wanaojulikana kuliko wote: mtoto wa kaka, mkwe, mjukuu. Hata pale vijana wa kukodiwa walipotumika, aliyekodi alitoka karibu.

Kirai kingine cha aina hiyo ni *wananchi wenye hasira kali*, kinachotumika pale kundi linapoua mchana kweupe. Hapa muuaji si gizani tu, amepewa heshima pia. *Mwananchi* ni neno la uhuru na la ujenzi wa taifa, nayo *hasira kali* ni maelezo yanayokaribia udhuru. Jina *sungusungu* nalo linafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Vikundi hivyo vya ulinzi vilianza maeneo ya Kahama na Shinyanga mnamo mwaka 1981 na 1982, baada ya vita vya Kagera, ili kupambana na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Vyenyewe vilijiita *Basalama*, watu wa salama. Katika baadhi ya maeneo, orodha ya maadui ilipanuka kutoka mwizi hadi mchawi. Sungusungu ni chungu weusi wanaouma kwa pamoja, na anayeumwa hawezi kumtaja aliyemuuma. Jina hilo lina nguvu kama sitiari ya umoja. Lina hatari ileile kama sitiari ya uwajibikaji.

2.3 Imani za kishirikina

Sehemu ya mwisho ya sentensi ndiyo nzito kuliko zote. Baada ya muuaji kufichwa, nafasi ya sababu hupewa kirai *imani za kishirikina*. Neno *ushirikina* lina asili ya Kiarabu, kutoka mzizi unaomaanisha kushiriki. Katika theolojia ya Kiislamu hutaja kosa la kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Mzizi huohuo ndio uliotupa *shirika*, *ushirikiano* na *ushirika*, neno ambalo wakulima wa pamba wa Usukuma walilijua vizuri kupitia vyama vyao vya msingi. Neno la kuhukumia itikadi ya mtu mbele ya Mungu limehamishwa na kufanywa neno la kueleza jinai.

Uhamisho huo una matokeo. Jinai ikiitwa imani, tiba yake huwa mahubiri na elimu. Upelelezi hupungua umuhimu. Mshtakiwa naye hupata namna ya kujitetea: hakutaka shamba, aliamini tu. Tena, kirai hiki kinawaweka muuaji na marehemu kwenye kapu moja, kwa kuwa kwa msikilizaji wa kawaida *ushirikina* ni uchawi wenyewe. Msikilizaji huweza kubaki akijiuliza ni nani kati ya wawili hao aliyekuwa mshirikina.

3.0 Kisichobadilika Hakielezi Kinachobadilika

Je, kirai hiki, pamoja na kasoro zake za kimtindo, kinasema kweli? Imani katika uchawi imeenea Usukuma, na mauaji yana uhusiano nayo. Lakini imani hiyo ilikuwapo mwaka jana, ipo mwaka huu, na itakuwapo mwakani. Mauaji, kinyume chake, hupanda na kushuka. Miguel alionesha kwamba katika miaka ya mvua isiyo ya kawaida, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalikuwa takribani mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Njaa ilipoingia katika kaya, mdomo mmoja ulipatiwa jina. Imani ilitoa jina hilo, haikutoa tarehe.

Mesaki naye alihusisha ongezeko la tuhuma na operesheni ya vijiji ya mwaka 1974. Wasukuma waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya na eneo lake, walisogezwa pamoja. Ugomvi ambao zamani ulitatuliwa kwa mmoja kuhama sasa haukuwa na pa kwenda.

Mfano ulio wazi zaidi ni *macho mekundu*. Kwa miaka mingi, macho mekundu ya mwanamke mzee yamesomwa kama alama ya uchawi. Msomaji wa ishara anapaswa kuuliza wekundu huo unatoka wapi. Unatoka jikoni. Shinyanga ilikatwa miti kwa wingi: wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na malisho yakaendelea kuisogeza. Hali ilifikia kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao ulifufua utaratibu wa Wasukuma wa kutenga *ngitili*, maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa. Pasipo kuni, wanawake walipikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, vitu vyenye moshi mkali. Mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini katika jiko lisilo na tundu la kutolea moshi hubeba rekodi ya kazi yake machoni. Rekodi hiyo ya utumishi ndiyo iliyosomwa kama hati ya mashtaka.

Hapa ndipo uhakiki wa lugha unapokutana na maisha. Kosa la kusoma ishara ni kosa la wahakiki pia, lakini mhakiki akikosea makala hukataliwa. Kijijini, aliyesomwa vibaya hukatwa mapanga.

4.0 Ulaya na Salem: Faida ya Majina Yaliyoandikwa

Historia ya misako ya wachawi huko Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, inatusaidia kwa sababu imepitia hatua hiihii ya ufafanuzi. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa kwa hukumu za mahakama katika kipindi hicho. Kwa muda mrefu maelezo yaliyopendwa yalikuwa ujinga na itikadi potofu za watu wa kale, yaani imani za kishirikina kwa jina lingine. Wolfgang Behringer alielekeza macho kwenye hali ya hewa: miaka ya baridi kali, mvua ya mawe na mavuno yaliyokufa. Huko Wiesensteig, Ujerumani, dhoruba kubwa ya mawe ya mwaka 1562 ilifuatiwa na kuuawa kwa wanawake 63. Kati ya Wiesensteig na Meatu kuna karne nne na bahari mbili, lakini mantiki ni moja. Mazao yakiharibika, hutafutwa mtu.

Tofauti moja kubwa iko katika kumbukumbu. Huko Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa na mmoja akafa kwa kukandamizwa kwa mawe. Mahakama iliandika majina ya washtaki, ya mashahidi na ya washtakiwa. Kwa sababu hiyo, Paul Boyer na Stephen Nissenbaum, katika kitabu chao cha mwaka 1974, waliweza kuchora ramani ya kijiji na kuonesha kwamba washtaki wengi walikaa upande mmoja na washtakiwa wengi upande mwingine, wakigawanywa na ugomvi wa ardhi, kanisa na uchumi. Kwa sababu hiyohiyo, jaji Samuel Sewall aliweza kuomba radhi hadharani mwaka 1697, na mwaka 1711 familia za baadhi ya waliohukumiwa zikalipwa fidia. Toba na fidia huhitaji majina. *Watu wasiojulikana* hawawezi kutubu, wala hakuna wa kuwadai.

Dola ya kikoloni katika Tanganyika ilichukua njia nyingine. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo msingi wake umeendelea kuwamo katika sheria za Tanzania kama Sura ya 18, ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa uchawi kuhamia mahali pengine. Kusudi huenda lilikuwa kuokoa maisha. Lakini katika lugha ya amri hiyo, anayehama ni aliyetajwa. Waliomtaja hubaki nyumbani kwao.

5.0 Geita: Pale Mtu Anapoitwa "Dili"

Kuanzia mwaka 2006 na 2007, habari za aina nyingine zilianza kutoka katika eneo hilohilo: mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao. Hadi mwaka 2015, zaidi ya watu 70 walikuwa wameripotiwa kuuawa nchini tangu mwaka 2000. Mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, aliwafichua waganga waliohusika mwaka 2008. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu, hukumu ya kwanza ya aina yake. Watoto wengi wenye ualbino walitolewa makwao na kupelekwa katika vituo, kikiwamo cha Buhangija, mjini Shinyanga.

Mauaji haya hayapaswi kuchanganywa na yale ya wanawake wazee. Bibi huuawa kwa kuwa anadhaniwa kuleta hasara; mtu mwenye ualbino huuawa kwa kuwa anadhaniwa kuleta faida. Deborah Bryceson na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2010, waliyahusisha mauaji hayo na uchumi wa wachimbaji wadogo. Mwenye duara huchimba bila kujua mshipa wa dhahabu umepita wapi; anaweza kufukia mtaji wa miaka mitatu katika shimo tupu huku jirani akitajirika kwa usiku mmoja. Pengo hilo kati ya jasho na pato ndilo soko la mganga anayeuza bahati. Hapa tena, neno *imani* ni finyu. Kulikuwa na mnunuzi, dalali, muuzaji na bei.

Lugha ililisajili soko hilo haraka. Watu wenye ualbino waliitwa *dili* mitaani, kwa sauti, wakipita. Neno hilo ni mkopo kutoka Kiingereza, na katika Kiswahili cha mjini humaanisha mpango wenye faida ya haraka. Nalo gazeti lilizungumzia *biashara ya viungo vya albino*. Katika Kiswahili, *viungo* ni sehemu za mwili, na ni bizari, iliki na karafuu vilevile. *Biashara ya viungo* ni kirai cha zamani cha pwani chenye harufu ya mchuzi. Hakuna aliyekusudia ukatili huo wa kimaana, lakini kirai kiliingia midomoni bila kukwama kwa sababu njia yake ilikuwa imeshalainishwa. Ndiyo maana mapambano ya wanaharakati dhidi ya neno *zeruzeru*, na madai yao ya kuitwa *watu wenye ualbino*, yasichukuliwe kuwa ubishi wa adabu tu. *Mtu* likitangulia, ni vigumu zaidi kuweka bei baada yake.

Serikali nayo ilizalisha istilahi. Januari 2009 ilifuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ilipiga marufuku tena na kuwakamata zaidi ya watu 200. Adui wa mwaka 2015 aliitwa mpiga *ramli chonganishi*. Kivumishi *chonganishi* ni hatua njema, kwani kwa mara ya kwanza kirai rasmi kilitaja kitendo cha kijamii, kuchonganisha, badala ya itikadi. Lakini kinaacha swali: ipi ni ramli isiyochonganisha, ikiwa mteja amekuja kuuliza nani aliyemuua mwanawe?

6.0 Fasihi na Kile Kilichoachwa

Iwapo sentensi ya habari humficha jamaa na kuikabidhi imani kosa, fasihi ina nafasi ya kurejesha kaya katika simulizi. Riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, iliyokamilishwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutoka kwa Kiswahili miaka ya 1980, ni mfano wa thamani. Inahusu mke na mume wasio na mtoto huko Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Usukuma. Utasa ni moja ya misiba inayozaa tuhuma kwa urahisi. Kitereza, hata hivyo, anaushughulikia kama jambo lenye watu: wakwe wanaomchukua binti yao, mume anayehangaika kumrudisha, pombe inayopikwa, mganga anayetibu kwa siku na miezi. Kila mtenda ana jina na kila kitenzi kina mwenyewe. Hata msomaji asiyeamini dawa za mganga huyo humfahamu kama fundi mwenye kazi, mteja na malipo. Riwaya inaonesha kwamba ulimwengu wenye waganga na ramli si lazima uwe ulimwengu wa mapanga, na hilo linathibitisha kwa njia ya sanaa kile ambacho takwimu za Meatu zinakisema kwa njia ya namba.

Emmanuel Mbogo, katika tamthiliya yake *Ngoma ya Ng'wanamalundi* (1988), aliichukua sifa ya mtu maarufu kuliko wote katika masimulizi ya Usukuma, mcheza ngoma aliyesifika kwa miujiza. Sifa hiyo inafaa kuwekwa kando ya hatima ya bibi mwenye macho mekundu. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, na dawa za kuvuta watazamaji zimekuwa sehemu halali ya mashindano hayo. Mwanamume mwenye nguvu zisizoelezeka hupata wafuasi, nyimbo na hatimaye tamthiliya. Mwanamke mzee anayedhaniwa kuwa na nguvu kama hizo hupata *mwano*, yowe la kukusanya watu. Jamii inayoheshimu nguvu hizo kwa mmoja na kuziua kwa mwingine haisukumwi na imani peke yake. Inagawa imani hiyo kwa jinsia na umri. Uhakiki wa fasihi ya Usukuma bado haujaukabili mgawanyo huu kwa uzito unaostahili.

Kuhusu ualbino, riwaya iliyosomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini ni *Takadini* ya Ben Hanson, ya mwaka 1997, iliyoandikwa kwa Kiingereza na yenye mandhari ya Zimbabwe ya zamani. Ni kazi yenye utu. Lakini kijana wa Geita aliyeisoma alilikuta suala la jirani yake katika lugha ya mtihani na katika nchi ya mbali, ilhali neno *dili* lilimfikia kwa Kiswahili, mlangoni.

7.0 Mchawi Asiyeitwa Mchawi

Muundo huu wa lugha hauishii katika uchawi. Mwaka 1983, maduka yakiwa matupu baada ya vita na kupanda kwa bei ya mafuta, taifa zima lilisaka *wahujumu uchumi*. Walanguzi walikuwapo kweli. Lakini sheria ya mwaka huo iliwanyima watuhumiwa dhamana na mawakili, na mtu aliyekutwa na mafuta ya kupikia au vitambaa vya ziada aliweza kubeba lawama ya uhaba uliotokana na mambo makubwa kuliko stoo yake. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibadilishwa. Ni muhimu kutolinganisha kizuizini na panga. Kinacholingana ni sarufi. Hasara isiyo na sura hupewa mtu mwenye sura.

Msemo *kuna mkono wa mtu*, unaotumika kwa ajali, ugonjwa au kufukuzwa kazi, una umbo hilohilo: mkono upo, mtu yupo, jina linangoja. Kirai *watu wasiojulikana* nacho kimehama. Tangu mwaka 2017 kimekuwa msemo wa kisiasa nchini, kikitumika kwa utekaji na mashambulio ambayo watenda wake hawakutajwa. Wananchi wa mijini walikisikia kama kitu kipya na wakakifanyia mzaha mchungu. Vijijini Shinyanga kilikuwa na umri wa kizazi kizima. Lugha tuliyoizoea ilipowahusu wajane wa Usukuma ilikuwa tayari pale ilipotuhusu sisi wengine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba Kiswahili cha kusimulia mauaji ya watuhumiwa wa uchawi hugawa ubayana kinyume na haki: kingi kwa aliyetuhumiwa, kidogo kwa aliyeua, na sababu yote kwa imani. Mgawanyo huo unapingana na tunachokijua. Waliouawa walikuwa hasa wanawake; wauaji walikuwa mara nyingi jamaa; wakati wa kuua ulifuata njaa, na katika machimbo ulifuata bei.

Hatupendekezi kwamba mwandishi amhukumu mtu kabla ya mahakama. Tunapendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa vyumba vya habari, Baraza la Kiswahili la Taifa na walimu wa lugha. Kwanza, jinsia na hali ya marehemu zitajwe. Pili, *imani za kishirikina* kisiandikwe kama sababu bila kueleza nani alitamka tuhuma, lini, na baada ya hasara gani. Tatu, kesi ifuatiliwe hadi hukumu, ili *wasiojulikana* wapate fursa ya kujulikana. Sentensi (1) ingeweza kuandikwa hivi:

(2) *Mwanamke mjane mwenye umri wa miaka 70 ameuawa kwa mapanga nyumbani kwake, wiki mbili baada ya mpiga ramli kumtaja kuwa chanzo cha kifo cha mtoto wa jirani. Polisi wanawahoji watu walioomba ramli hiyo.*

Sentensi (2) ni ndefu zaidi, na inamdai mwandishi kazi zaidi: lazima aende, aulize, arudi. Haitaji jina la mtu yeyote, wala haimtii mtu hatiani. Imani bado imo ndani yake, sasa ikiwa katika kinywa cha mtu, siku fulani, kwa sababu fulani. Mpelelezi anaweza kuanzia hapo. Mhakiki naye pia.